ARDHI TUNAYOILINDA HAIJATULIA

Askari hufundishwa tangu siku zake za kwanza chuoni kuisoma nchi kabla ya kuikanyaga. Hujifunza kutambua katika ramani kilima, bonde, kijito na genge, akajua ya kuwa aliye juu humwona aliye chini. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza ni nguvu gani iliyovichonga vilima hivyo, na iwapo kazi hiyo imekwisha. Haijakwisha. Yatupasa sisi wa jeshi na polisi kulifahamu jambo hili, kwani ardhi inapotetemeka au kuporomoka, sisi ndio tunaoitwa.

Tuanze chini kabisa. Kutoka nyayo zetu hadi kitovu cha dunia ni kilometa 6,371 hivi, nao umbali huo umegawanyika katika matabaka. La juu ni ganda la mwamba, ambalo chini ya mabara kwa kawaida lina unene wa kilometa 30 hadi 50, na chini ya bahari kuu kilometa 5 hadi 10 tu. Chini yake liko tabaka la kati, linalofika kina cha kilometa 2,900. Wengi hudhani ya kuwa tabaka hilo ni uji wa moto. Sivyo. Ni mwamba mgumu wenye joto kali, ambao katika muda wa mamilioni ya miaka hujikokota polepole. Kisha kuna kiini cha nje, ambacho ni chuma na nikeli iliyoyeyuka, mpaka kilometa 5,150. Na mwisho kiini cha ndani, ambacho ijapokuwa ni cha moto kupita kiasi, kimebaki kigumu kwa kubanwa na uzito wa vyote vilivyo juu yake.

Hakuna binadamu aliyefika huko. Shimo la utafiti lililochimbwa na Wasovieti katika rasi ya Kola lilifika mita 12,262 mwaka 1989, wala halikulimaliza ganda lenyewe. Yote yanayojulikana yamepatikana kwa kuyasikiliza matetemeko, kama vile mtu agongavyo mtungi ajue una maji au ni mtupu. Ndivyo Bibi Inge Lehmann wa Denmark alivyokitambua kiini cha ndani mwaka 1936.

Ganda hilo la juu limekatika vipande vikubwa viitwavyo mabamba, navyo husogea. Hapa Afrika Mashariki bamba linapasuka, na upande wa mashariki unajitenga kwa milimeta chache kila mwaka. Ufa wa magharibi wapita mpakani mwetu na Kongo, nao umebeba maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ziwa Victoria, ambalo halimo ndani ya ufa, lina mita 80 tu hivi.

Kuinuka kwa kingo za ufa kumeigeuza hata mito. Zamani mito ya Kafu na Katonga ilitiririka kuelekea magharibi. Ardhi ya huko ilipopanda, maji yalizuiwa yakarudi nyuma, na mabonde yakajaa. Ndiyo asili ya Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria. Hii ndiyo sababu askari avukaye bonde la Katonga hukuta vinamasi vya mafunjo ambavyo maji yake ni kama hayajui yaende wapi.

Rwenzori nao, wenye mita 5,109, si mlima wa volkano. Ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu kati ya nyufa. Kazi hiyo haifanyiki kimya. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko lilipiga Toro na kuua watu zaidi ya 150; na mnamo Februari 1994 ardhi ya huko ilitetemeka tena kwa nguvu.

Upande wa mashariki, Elgon ni volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Majivu na miamba yake imeoza ikawa udongo wenye rutuba, na kwa hiyo watu ni wengi miteremkoni. Lakini udongo huo wa mfinyanzi hunywa maji ya mvua ukawa mzito, na mteremko uliokatwa kwa ajili ya nyumba na mashamba, usio na mizizi ya miti, hushindwa kuubeba. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa, ukaifunika Nametsi pamoja na zahanati yake, na mamia ya watu wakafa au wasionekane tena. Magari ya kuchimbia hayakuweza kufika. Askari na wanakijiji walichimba kwa majembe na sepetu. Maafa ya namna hiyo yamerudi katika miteremko ya mlima huo mwaka 2012, 2018 na 2024.

Askari na afanye nini? Kwanza, azitambue dalili: nyufa mpya mteremkoni, miti iliyoinama, milango inayokwama ghafla, chemchemi inayotokea mahali pasipokuwa nayo, au kijito kinachogeuka tope. Aonapo hayo wakati wa mvua kubwa, awahamishe watu bila kungoja.

Pili, wakati wa uokoaji aweke mlinzi wa kuutazama mlima juu ya wanaochimba, kwani poromoko la pili hufuata la kwanza. Hali kadhalika baada ya tetemeko: jengo lililopasuka lisiingiwe ovyo, maana mitetemo hurudia.

Tatu, walio karibu na volkano za Virunga wakumbuke mazuku. Hili ndilo jina ambalo watu wa Goma huziita hewa nzito zitokazo ardhini na kutuama katika mashimo na mabonde madogo, hasa usiku usio na upepo. Hazionekani, nazo huua mtu na mnyama. Shimo ambalo mwanajeshi angelichagua kwa kujificha laweza kuwa kaburi lake. Akikuta ndege au wanyama waliokufa humo, asishuke kamwe; wala asimfuate mwenzake aliyeanguka bila kifaa cha kupumulia. Nyiragongo ililipuka mwaka 2002 na 2021, na mara zote mbili Goma ilitoa wakimbizi kwa maelfu, waliohitaji askari mwenye kujua njia iliyo salama.

Ndugu zetu, adui wa namna hii hana bendera, wala hatumi tarishi. Lakini huacha nyayo, na nyayo zake zi katika kila kilima tunachokipanda. Tulizoea kuisoma nchi ili tumwone adui. Sasa na tuisome pia kwa ajili ya wananchi walalao chini ya vilima hivyo.