Kata, Mazoezi ya Wawili Wawili na Mapigano ya Kweli

Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi isiyo mbali na Soko la Kariakoo, mwanafunzi mmoja wa darasa la saba alinijia asubuhi mkono wake ukiwa umefungwa kitambaa. Kijana huyo alikuwa amejifunza karate kila jioni kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Jioni iliyotangulia alikuwa akipita katika uchochoro ulio nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, akiwa na fedha alizotumwa na mama yake, ndipo vijana wawili walipomvamia. Mmoja alimpiga roba kwa nyuma, wa pili akampekua. Alipong'ang'ania fedha alikatwa kiganja kwa wembe. Yote hayo yalikwisha kabla hajapata hata kukunja ngumi.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Kata zangu zote nazijua. Mbona jana hazikuja?"

Swali hilo nalileta kwenu, walimu wanachuo, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu mtapangiwa shule za mjini ambako watoto hupenda kung fu na karate kuliko mnavyodhani, na watakuja kwenu wakitaka kujua kama michezo hiyo itawalinda. Pili, swali lenyewe ni la mbinu za kufundishia. Kijana huyo alikuwa akiuliza kama jambo alilolizoea kwa utaratibu mmoja litapatikana wakati utaratibu huo haupo.

Yafaa tueleze kwanza maneno. Kata ni mfululizo wa mapigo, vizuizi na hatua ambazo mtu huzicheza peke yake kwa mpango usiobadilika, kana kwamba anapigana na adui asiyeonekana. Neno hili ni la Kijapani; Wachina katika kung fu wana mifululizo yao ya namna hiyo hiyo, mingine mirefu sana. Mazoezi ya wawili wawili ni pale mmoja anapotupa ngumi aliyokwisha kuitaja na mwenzake akaizuia kwa njia aliyokwisha kufundishwa. Mapigano ya kweli hayahitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kupita Mtaa wa Kongo siku za kuelekea sikukuu.

Mchezo huu uliingia Dar es Salaam kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa sinema. Katika miaka ya 1970 majumba kama Avalon, Empire na Odeon yalijaa vijana waliokuja kumtazama Bruce Lee, aliyefariki mwezi wa Julai 1973, mwaka ule ule ilipotoka filamu yake Enter the Dragon. Baadaye vibanda vya video vilichukua nafasi ya majumba hayo. Mlango wa pili ulikuwa, ajabu kidogo, shule ya msingi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, alianza kufundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu katika Shule ya Msingi Zanaki, katikati ya jiji, mahali palipokuja kujulikana kama Hekalu la Kujilinda. Walimu wengi wa karate nchini ni wanafunzi wake au wanafunzi wa wanafunzi wake.

Nimesema ajabu kidogo, lakini kwa hakika si ajabu. Kata nyingi ambazo watoto hujifunza leo zilitungwa kwa ajili ya shule. Katika kisiwa cha Okinawa, mzee Itosu Anko alianza kufundisha karate katika shule ya msingi yapata mwaka 1901, na mwaka 1908 aliwaandikia wakubwa wa elimu akiomba ienezwe mashuleni. Kabla yake karate ilifundishwa kwa siri, mwalimu mmoja na wanafunzi wawili au watatu. Itosu alikabiliwa na tatizo mnalolijua: uwanja mmoja, mwalimu mmoja, watoto wengi. Akatunga kata tano fupi, ziitwazo Pinan, ambazo safu nzima ya watoto ingeweza kuzicheza pamoja kwa kuhesabiwa. Miyagi Chojun, mwanzilishi wa Goju-ryu, alifanya vivyo hivyo mwaka 1940 alipotunga kata za Gekisai kwa ajili ya vijana. Kwa hiyo mtoto wa Goju-ryu anayecheza Gekisai anacheza zana ya kufundishia iliyotengenezwa na mwalimu kwa darasa kubwa. Itosu alitaka afya, nidhamu na miili iliyokomaa. Hakuwaahidi watoto kwamba wakihesabiwa hadi kumi watashinda wanyang'anyi.

Basi kata inafundisha nini? Inafundisha mizani ya mwili, pumzi, namna ya kusimama, na jinsi nguvu inavyotoka mguuni ikapita kiunoni hadi kwenye ngumi. Inafundisha pia kukumbuka, na inahifadhi maarifa ya wazee kama vile utenzi unavyohifadhi historia. Hayo si madogo. Lakini kata haiwezi kufundisha mambo matatu: umbali kati yako na mtu asiyetaka kusimama mahali pamoja, wakati wa kupiga, na hila ya adui. Adui asiyeonekana huwa mpole mno. Huja kutoka upande unaotazamiwa, kwa pigo linalotazamiwa, na hutulia mpaka umalize.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili kwa njia yao. Katika kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa Lamu, Unguja na Pemba, wachezaji wawili huingia uwanjani kwa ngoma na zumari, wakarushiana fimbo na kukingana. Ni mchezo wa ustadi na mtu anaweza kuumia. Hata hivyo ngoma inampa kila mmoja mwendo, na watazamaji wanazunguka wakiangalia adabu. Mkabaji wa uchochoroni hana ngoma.

Mazoezi ya wawili wawili yanasogea hatua moja mbele, kwa kuwa sasa yupo mtu mwenye mwili, uzito na jasho. Lakini hapa ndipo udanganyifu ulipo mkubwa zaidi kuliko katika kata, maana anayecheza kata anajua yuko peke yake, ilhali anayefanya mazoezi na mwenziwe hudhani amepigana. Angalieni kwa makini. Ngumi hutupwa kutoka mbali, hukoma nchi chache kabla ya kufika, kisha mtupaji huuacha mkono wake hewani huku mwenzake akimfanyia mapigo matatu ya kujibu. Hakuna kibaka anayeuacha mkono wake hewani. Baya zaidi, baada ya miezi mingi wote wawili hujifunza kusaidiana: mmoja huanguka kabla ya kusukumwa, kwa heshima tu. (Wanachuo mnaofundishana ninyi kwa ninyi kabla ya kwenda shuleni, wenzenu wakijifanya watoto wa darasa la pili na kunyoosha mikono yote kwa zamu, mtaelewa haraka ninachosema.)

Bruce Lee mwenyewe, ambaye vijana wengi waliingia katika kung fu kwa ajili yake, aliligundua tatizo hili. Alijifunza mtindo wa Wing Chun huko Hong Kong kwa mwalimu Yip Man. Mwaka 1964, huko Oakland, Marekani, alipigana faraghani na Wong Jack Man, mtaalamu mwingine wa kung fu. Lee alidai kushinda, lakini alichukizwa na jinsi pambano lilivyorefuka na jinsi alivyoishiwa pumzi. Tangu hapo alizidi kuacha mifululizo iliyopangwa, akavaa glavu na kinga za kichwa, akafanya mazoezi na watu wanaorudisha ngumi kwelikweli. Kuzoea mapigo hewani alikufananisha na kujifunza kuogelea nchi kavu. Mwaka 2017 jambo hili lilionekana hadharani mjini Chengdu, China, wakati Xu Xiaodong, mpiganaji wa ngumi na mieleka mchanganyiko, alipomwangusha Wei Lei, mwalimu wa taichi, kwa muda wa sekunde kumi hivi.

Mtu asije akatoa hukumu ya haraka kwamba basi kata itupwe. Mwalimu aliyelitatua jambo hili vizuri kuliko wote alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kano Jigoro alianzisha judo mwaka 1882, na kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza chuo kikuu cha kuwaandaa walimu mjini Tokyo. Shule za zamani za jujutsu zilikuwa na mapigo ya hatari: kuvunja vidole, kuchoma macho. Kwa sababu ya hatari hiyo wanafunzi waliyafanya kwa mpango tu, kwa taratibu, bila ya kushindana. Kano aliyaondoa hayo katika mashindano, akabakiza yale ambayo mtu anaweza kumfanyia mwenzake kwa nguvu zote na kesho wakakutana tena wazima. Mazoezi hayo huru aliyaita randori. Tokeo lake linashangaza: katika miaka ya 1880 wanafunzi wake waliposhindana na watu wa shule za zamani mbele ya polisi wa Tokyo, mara nyingi wenye mapigo "salama" ndio walioshinda wenye mapigo "ya kuua". Waliyazoea yao dhidi ya mtu anayekataa.

Na bado Kano hakuacha kata. Alizifananisha na sarufi, na randori akaifananisha na kuandika insha. Mwalimu wa lugha hahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto anayejua ngeli zote lakini hajawahi kutunga barua hajui lugha, na yule anayetunga bila sarufi hutunga ovyo.

Ndondi nazo zina utaratibu huo huo. Titus Simba, aliyeiletea Tanzania medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, alifungwa fainali na John Conteh wa Uingereza. Bondia yeyote anayefika huko hupiga kivuli mbele ya kioo, hupiga begi, hupiga glavu zinazoshikwa na mkufunzi. Halafu, siku baada ya siku, huingia ulingoni na mtu anayempiga. Ukiiondoa hatua ya mwisho, zote zilizotangulia hubaki kuwa ngoma nzuri.

Lakini hata ulingo si uchochoro, na hapa napenda mwalimu awe mkweli kabisa kwa watoto. Ulingoni wapo wawili, wa uzito mmoja, mikono mitupu, na mwamuzi. Kariakoo mtoto hukutana na watu wazima wawili au watatu, wenye wembe au kisu, wanaoanzia nyuma. Moyo huenda mbio, macho huona kama kwa bomba, mikono hutetemeka, na mapigo ya ustadi mdogo mdogo wa vidole hupotea kabisa. Hakuna mtindo wowote, wa mashariki wala wa magharibi, unaomwezesha mtoto wa miaka 13 kumnyang'anya mtu mzima kisu. Mwalimu akimwonyesha pigo la kunyang'anya kisu cha mbao, naye akaliamini, amemtia katika hatari kuliko kama asingemfundisha lolote. Jeraha la kijana wangu lilitokana na kung'ang'ania. Fedha ya mama ilistahili kuachwa.

Liko na jambo la kelele. Watoto wa mjini hufundishwa kupiga ukelele wa "Mwizi!" Ukelele huo huita umati, na umati wa mjini umewahi kuua watu, pengine wasio na hatia. Mfundisheni mtoto apige kelele za kuomba msaada, ataje rangi ya duka analokimbilia, na aingie humo.

Kwa shule isiyo na magodoro wala glavu, haya yanawezekana katika kipindi cha michezo. Kila mtoto achomeke kipande cha kanga kiunoni, na mwenzake ajaribu kukinyakua huku naye akikilinda na kunyakua cha mwenzake. Hapo umbali na wakati hujifunzwa bila ngumi hata moja. Kisha wafundisheni kujitoa mkono unaposhikwa: kwanza mshikaji alegeze, halafu akaze, halafu aruhusiwe kuachia na kushika penginepo bila kusema wapi. Hatua hii ya tatu ndiyo yenye thamani, nayo ndiyo walimu huiruka, kwa kuwa uwanja unakuwa na vurugu na mkaguzi anaweza kupita. Mwisho wachore mstari wa chokaa ukutani, uwe ndio duka, na kila zoezi liishe mtoto akiugusa. Msiwaangushe watoto kwenye saruji, wala msiruhusu mchezo wa shingo. Kata zikiwapo, zichezwe mwanzoni, miili ipate joto na darasa litulie.

Kijana yule nilimjibu kwamba kata zake hazikuwa na kosa, ila hakuna aliyewahi kumshika kwa nyuma bila kumwambia. Kidonda kilipopona nilimweka uwanjani na wenzake wawili, wakamjia wapendavyo, mikono ikiishia mabegani. Mara tano za kwanza walimkamata kabla hajageuka. Mara ya sita alisikia hatua, akapiga goti moja chini kama katika kata yake, akachomoka, akafika ukutani.