TUJIFUNZE KIINGEREZA: NENO "FAST"



Kuna neno dogo la Kiingereza ambalo linaangusha wengi wakati wa kutafsiri. Neno hilo ni "fast". Chukueni mfano huu: "The lorry is stuck fast in the mud." Mara nyingi mtaona mtu ameandika: "Kamyo inapita mbio katika matope." Kumbe kamyo imekwama kabisa, haisogei mbele wala nyuma! Hivi ndivyo pointi zinapotea.

Juu ya nini neno moja linasema kukimbia na tena kutotikisika? Tuone chanzo chake.

1. Imara. Hii ndiyo maana ya kwanza. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, waliandika "fæst", ni kusema kitu kilichokazwa vizuri. Neno la Kijerumani "fest" ni ndugu yake. Maana hiyo haijakufa. "Hold fast" ni kushika sana, "fast asleep" ni kulala usingizi mzito, na kitenge chenye "fast colours" ni kile ambacho rangi yake haichujuki hata ukikifua mara ngapi.

2. Kufunga chakula. Mtu anayefunga anashika sheria yake kwa nguvu, haiachilii. Kwa hiyo neno la kukaza likawa neno la kutokula. Sisi hatuwezi kushangaa, maana Kiswahili chetu kinafanya vilevile: tunafunga mlango, na tunafunga chakula. Toka karne ya 15 Waingereza wanaita chakula cha asubuhi "breakfast", yaani kuvunja mfungo. Kifaransa nacho kina "jeûner", kufunga, na "déjeuner", kuacha kufunga. Na sisi tunasema kifungua kinywa. Lugha tatu, wazo moja.

3. Mbio. Zamani kukimbia "fast" ilikuwa kukimbia kwa nguvu, bila kulegea. Pole pole watu wakasahau nguvu, wakabaki na mbio. Kusema "a fast horse", farasi mwenye mbio, kulianza katika karne ya 16. Hapa tena Kiswahili kinatusaidia: tunakaza kamba, na tunakaza mwendo. Katika fungu hili mtie na saa: "My watch is five minutes fast", saa yangu iko mbele dakika tano.

Sasa namna ya kutambua. Tazameni neno la jirani. Likiwa "stuck", "hold", "stand" ao "shut", maana ni imara. Likiwa "run", "drive" ao "speak", maana ni mbio. Pakiwa na habari za chakula, siku ao sala, fikirini kufunga. Tena, musiandike "fastly": neno hilo haliko. "He runs fast" inatosha.

Wengi wanasema Kiswahili kinatuzuia kujua Kiingereza. Lakini mumeona: "kufunga" na "kukaza" ndiyo yametufungulia neno hili. Basi mbele ya egzameni, mukikuta neno la kigeni lenye maana nyingi, ulizeni kwanza lugha ya nyumbani inasema namna gani.

Kazi njema kwa wote.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita