Kazi imetangazwa, nani kaisikia Fizi?

Shirika lenye ofisi Baraka, mji wa wilaya ya Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, linatafuta mhasibu. Tangazo linaandikwa kwa Kifaransa, linawekwa mediacongo.net au ReliefWeb, na maombi yanapokelewa kwa barua pepe kwa wiki moja au mbili. Kwa shirika, wajibu umetimia: kazi imetangazwa. Ila binti mwenye diploma ya uhasibu anayeishi Fizi-centre kule milimani, au ng'ambo ya ghuba rasini Ubwari, au Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, atalipata tangazo hilo kama picha iliyopigwa kwenye skrini ya simu ya mtu mwingine na kurushwa grupu hadi grupu za WhatsApp. Mara nyingi linamfikia tarehe ikiwa imeshapita. Mwenye mjomba ndani ya ofisi alilijua kabla halijachapwa.

Dawa inayotajwa sana siku hizi ni ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi: serikali na makampuni waungane kusambaza nafasi za kazi kwa njia ya intaneti. Naunga mkono ubia huo, lakini sioni haja ya kujenga tovuti nyingine. Tovuti zipo. ReliefWeb, inayoendeshwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu, OCHA, ipo tangu 1996, na mashirika yanayofanya kazi Fizi yanaitumia. Kinachokosekana ni safari ya tangazo kutoka kwenye tovuti mpaka kwa mtu asiye na mega za kufungulia tovuti.

Kongo ina sheria ya ubia, namba 18/016 ya tarehe 9 Julai 2018. Sheria hiyo inafaa zaidi miradi mikubwa, kama barabara, bandari na umeme. Kwa kusambaza matangazo ya kazi, mkataba mdogo wa ushirikiano unatosha, mradi useme wazi nani anafanya nini na nani analipa.

Upande wa umma mwenye kazi hiyo ni ONEM, ofisi ya taifa ya ajira iliyoundwa mwaka 2002, mwaka uleule wa Kanuni ya Kazi ya nchi. Ndiyo inayowaandikisha watafuta kazi na kuwapa kadi, na matangazo mengi ya mashirika katika Kivu huidai kadi hiyo kwenye dosye ya mwombaji. ONEM ina kitu ambacho hakuna kampuni inayoweza kukinunua: mhuri. Tangazo likibeba mhuri na namba ya usajili inayoweza kuhakikiwa kwa simu ya kawaida, tapeli anapungukiwa nafasi. Utapeli wenyewe unafahamika. Unaambiwa umechaguliwa, kisha unaombwa utume hela ya dosye au ya "mafunzo" kwa M-Pesa au Airtel Money, na ukishatuma namba haipatikani tena.

Katika hili msimamo wa Shirika la Kazi Duniani ni wa zamani na hauna utata. Mkataba namba 88 wa 1948 unataka huduma ya ajira ya umma iwe bure. Namba 181 wa 1997, unaohusu wakala binafsi wa ajira, unakataza kwa kanuni ya jumla wakala kumtoza mfanyakazi, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Mwajiri ndiye anayelipa. Sentensi hiyo ingebandikwa kwa Kiswahili kwenye kila valve, yaani ubao wa matangazo, mjini Baraka, ingekuwa imefanya kazi kubwa kuliko programu nyingi za simu.

Upande wa binafsi kuna kampuni za simu, wenye tovuti na redio za jamii. Hapo kati yapo mashirika ya misaada, ambayo si serikali wala si wafanyabiashara, lakini katika Fizi ni waajiri wakubwa. Yamejaa Baraka kwa sababu za kihistoria: wakimbizi waliokuwa wakirudi kutoka kambi za Tanzania kwa meli ya Kigoma tangu 2005, Warundi waliopokelewa Lusenda tangu 2015, na vita visivyokwisha milimani. Ubia unaoyaacha nje utasambaza kurasa tupu.

Kwa upande wa ufundi, njia ya kufika bila intaneti imeshajaribiwa nchini. Kampuni ya Viamo, pamoja na Vodacom, imeendesha Kongo huduma ambayo mtu anapiga namba fupi na kusikiliza bure ujumbe uliorekodiwa, wa afya, kilimo na mengineyo, kwa lugha za nchi, Kiswahili kikiwemo. Haihitaji simu ya kisasa wala kujua kusoma. Nafasi za kazi zingeweza kupita njia hiyohiyo: bonyeza moja upate za Baraka, mbili upate za Fizi, tatu upate za Uvira. Wenye kutoa maudhui hugharamia, kampuni ya simu hutoa njia, mpigaji halipi.

Kenya wana mfano mwingine wa kuangaliwa. Mpango wa Ajira Digital umeunganisha wizara ya teknolojia ya habari, chama cha sekta binafsi KEPSA, wakfu wa Mastercard Foundation na taasisi ya mafunzo ya eMobilis. Lengo lake ni kazi za mtandaoni zaidi kuliko nafasi za ofisini, kwa hiyo hauwezi kuhamishwa mzima mzima. Kinachofaa Fizi ni vituo vyake: chumba chenye kompyuta, intaneti na mtu wa kuuliza. Baraka ikiwa na chumba kimoja cha namna hiyo, mwombaji ataandikiwa wasifu wake na kusaidiwa kuutuma kwa barua pepe bila kulipa cybercafé ya mjini.

Suala la muda wa kutuma maombi nimeliacha mpaka hapa kwa makusudi, maana ndiyo kifungu ningepigania kuliko vyote. Mikataba ya namna hii huwa na kurasa nyingi za vifaa na nembo, halafu muda wa kutuma maombi unaachwa kwa mwajiri. Kwa Fizi hilo linaua kila kitu. Barabara ya taifa namba 5 kutoka Uvira hukatika mvua zikinyesha, mtandao huzimika, na mapigano yakianza hakuna anayesafiri kupeleka bahasha. Siku zihesabiwe tangu tangazo liliposomwa redioni Baraka, wala si tangu lilipopandishwa kwenye tovuti Goma au Kinshasa. Lisomwe kwa Kiswahili na Kibembe. Na anayeishi mbali akubaliwe kujiandikisha kwa ujumbe wa simu, vyeti vifuate akiitwa. Mwajiri atalalamika kwamba anahitaji mtu haraka. Wakati mwingine ni kweli: kipindupindu hakisubiri, na hapo orodha ya watu waliokwisha kujiandikisha ONEM ndiyo ingetumika.

Pia ofisi ya mkoa haiwezi kuwa nguzo pekee. Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi Februari 2025, serikali ya mkoa wa Kivu Kusini ilihamia Uvira, na mambo mengi yaliyotegemea Bukavu yakakwama. Mfumo ambao kila tangazo lazima lipitie meza moja mji mmoja utakwama vivyo hivyo. Mhuri uweze kutolewa Baraka.

Malalamiko kwamba kazi zinachukuliwa na watu wa kuja huku wenyeji wakibaki kubeba mizigo yanasikika Kivu nzima, na vijana wamewahi kuandamana kwa ajili hiyo. Tangazo linalofika kwa wote halitaondoa ndugunaizesheni. Litafanya iwezekane kuiona, ikiwa kila mwajiri atalazimika kueleza idadi ya walioomba, walioitwa kwenye usaili, na wilaya alikotoka aliyechukuliwa, bila jina lake.

Bila jina, nasisitiza. Wasifu wa kazi una jina la ukoo, kijiji cha kuzaliwa, namba ya simu. Katika wilaya ambamo Wabembe, Wafuliiru, Wabuyu na Wanyamulenge wamezika watu wao mara nyingi kwa sababu ya mapigano, taarifa hizo zinatosha kumtambulisha mtu kwa asiyemtakia mema. Kongo imepata kanuni ya mambo ya kidijitali tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake mna sehemu ya kulinda taarifa binafsi. Mkataba wa ubia uitaje kanuni hiyo, useme taarifa zinahifadhiwa wapi na zinafutwa lini, na fomu ya kwanza iulize jina, simu na ujuzi tu. Mahali pa kuzaliwa paulizwe siku ya kutia saini ya ajira.