Akiba ya Simu Ifuate Kalenda ya Ziwa na Miwa

Kwa mvuvi wa omena wa Mbita, Homa Bay, mapato hufuata mwezi wa angani, si wa kalenda. Usiku wa giza taa huwashwa ziwani, omena hufuata mwanga na pesa huingia. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu tena na mitumbwi hukaa ufuoni. Kule Awendo, Migori, mkulima anayepeleka miwa kiwanda cha sukari cha Sony husubiri takriban mwaka mmoja na nusu tangu kupanda hadi mavuno ya kwanza, kisha hulipwa kwa mkupuo. Hata hivyo, ushauri wa akiba wanaopewa wote wawili ni ule wa mtu mwenye mshahara: tenga kiasi fulani kila mwisho wa mwezi. Naamini akaunti ya akiba ya simu inaweza kuwafaa sana watu wa Homa Bay na Migori, kwa sharti moja: ifungwe, na siku ya kuifungua ipangwe kwa kufuata msimu.

M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ilipoanzishwa Novemba 2012 na Safaricom pamoja na Benki ya CBA, ambayo sasa ni NCBA, wengi waliitazama kama mlango wa mkopo. Kwangu, jambo kubwa zaidi lilikuja baadaye: akaunti ya kufungia pesa, ambapo mtu huweka lengo na muda, na akitaka kuzitoa mapema husubiri saa 48. Siku hizo mbili ndizo faida yenyewe. Pesa za omena zikikaa mfukoni hupata wenyewe wengi kabla ya jioni: mafuta ya taa, deni la duka, jamaa mwenye shida. Zikifungwa katika wiki za giza, humngoja mvuvi hadi mbalamwezi. Mkulima naye hufungia sehemu ya malipo ya miwa kwa ajili ya palizi na mbolea ya miwa inayochipuka upya baada ya kukatwa, kazi zinazofika wakati fedha za mavuno zimekwisha.

Kuna watakaosema riba ni ndogo. Ni kweli: M-Shwari ilianza ikilipa kati ya asilimia 2 na 5 kwa mwaka, na mfumuko wa bei unaweza kuimeza yote. Lakini tazama upande wa pili. Mkopo wa M-Shwari hiyohiyo ulitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30 tu. Anayefungia karo ya Januari hatajirishwi na riba. Anaepuka kulipa katika mwezi mmoja zaidi ya ambavyo akiba ingempa mwaka mzima. Kwa malengo ya miaka mingi, kama kununua shamba au injini ya boti, sacco au hatifungani za serikali zinafaa zaidi.

Pingamizi zito ni la wanaotegemea chama, yaani kikundi cha kuchangiana kwa zamu. Chama kina macho ya watu, na aibu ya kukosa mchango humfanya mtu aweke akiba, jambo ambalo simu haiwezi. Sioni sababu ya kukiacha. Ila zamu ya chama hufika siku yake, si siku ya mahitaji yako, na mweka hazina akipotea hakuna wa kumdai. Pesa zilizo benki kupitia simu zina bima ya KDIC, shirika la bima ya amana za benki, hadi shilingi 500,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2020. Basi chama kibaki cha vitu vikubwa vya pamoja, na simu ishike karo, mbolea na siku za mbalamwezi.