Kitabu cha Shule na Meza ya Fundi

Huko Kisangani, kama katika miji mingine ya Kongo, kijana akiisha kufaulu mtihani wa Serikali huvifungia vitabu vyake sandukuni, akidhani ya kuwa hana haja navyo tena. Kisha, akiwa na bahati, hupokewa na fundi mbuni, mchoraji wa vibao vya maduka, wa samani au wa ramani za nyumba, aanze kile ambacho watu wa huko hukiita staji. Majuma ya kwanza hapewi kazi ya kujivunia. Hukata karatasi, hushika kipimo ili mwenzake apime, hufagia. Jioni wazazi humwuliza: "Je, ndiyo tuliyokulipia karo?"

Kijana wa namna hiyo twamshauri afungue sanduku lile, atoe kitabu ambacho wanafunzi wengi wa nchi zitumiazo Kifaransa wamekisoma kwa ajili ya alama tu: L'Enfant noir, yaani Mtoto Mweusi, cha Camara Laye wa Guinea, kilichotolewa mwaka 1953.

Shuleni tulifundishwa kutaja jina la mwandishi, mwaka na wahusika. Lakini mtu aliyeanza kazi huona mengine. Baba wa mtoto yule ni mhunzi na mfua dhahabu katika mji wa Kouroussa. Siku mwanamke aletapo dhahabu ili afanyiziwe pambo, vijana wanaojifunza kazi ndio wanaovuta mivukuto, na macho yao yako motoni. Fundi mwenyewe hanena kwa sauti. Midomo yake tu yatikisika. Mwanafunzi wa shule husoma hayo kama hadithi nzuri. Mwanafunzi wa kazi hutambua ya kuwa mvuta mivukuto hapotezi wakati wake: amewekwa mahali pa kuonea.

Wala watu wa Kisangani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika maporomoko ya Boyoma, wavuvi Wagenia husimamisha miti mikubwa katikati ya mawe, huifunga kwa kamba za mwituni, na kuning'iniza humo migono mikubwa iliyo mipana mdomoni na myembamba mkiani. Mdomo huelekezwa kule maji yatokako, na nguvu ya mkondo humsukuma samaki ndani na kumzuia asitoke. Huo ni ubunifu hasa: umbo limetokana na kuyajua maji. Nani aliyeujifunza bila kushika kamba kwanza na kutazama wakubwa wafanyavyo?

Lakini kitabu hicho chatuonya pia. Yule baba alihofu ya kuwa mwanawe, kwa kukaa shuleni siku zote, hatakaa naye vya kutosha hata ayapokee mambo ya wazee. Na ndivyo ilivyokuwa. Kijana alikwenda shule ya ufundi huko Conakry, na mwaka 1947 akavuka bahari kwenda Ufaransa kujifunza ufundi wa magari. Huko ugenini, akiwa peke yake, aliiandika karakana ya baba yake. Alipata elimu, lakini nyundo ya baba hakuirithi.

Basi, enyi mafundi, msimfanye kijana mtumishi wa kufagia mwaka mzima. Mwelezeni sababu ya kila mstari, mkampe upesi kazi ndogo iliyo yake, ijapokuwa ataiharibu mara moja au mbili.

Nawe kijana, soma sura moja kila juma, kisha andika katika daftari jambo moja ulilomwona fundi wako akilifanya bila kulisema.

Nanyi wazazi, atakaporudi jioni msimwulize kwanza ameleta nini. Mwulizeni ameona nini. Na kama baba ana ufundi wake, wa uvuvi, useremala au ushonaji, na amwite mwanawe aketi karibu naye Jumamosi moja. Mstari mzuri mezani kwa mbuni waweza kuanzia hapo.