Nusu ya Upande Si Nusu ya Shamba

Mahindi yakishaingia ghalani na familia za Ufipa zikikaa kugawana mashamba, swali ni lilelile kila mwaka, kutoka Laela hadi Namanyere. Shamba letu lina umbo la pembetatu. Tumepima pande mbili, tukapigilia kigingi katikati ya kila upande, tukavuta kamba. Mmoja kachukua juu, mwingine chini. Sasa mbona wa juu hataki kusaini? Hataki kusaini kwa sababu amepewa robo ya shamba, na mwenzake robo tatu. Hajalogwa wala hana tamaa. Kipande chake ni theluthi ya kile cha mwenzake, na hata akiwa mpole kama njiwa ardhi haitaongezeka. Na mashamba ya namna hiyo si machache: barabara ikipita mshazari, kijito kikipinda, njia ya ng'ombe ikichepuka, kinachobaki pembeni ni pembetatu.

Tuchukue shamba ambalo kilele chake kiko njia panda na kitako chake kiko kijitoni. Pande zake mbili zina mita 130 kila mmoja, kitako mita 100, na kimo, yaani umbali wa kunyooka kutoka kileleni hadi kitakoni, mita 120. Nusu ya 100 mara 120 ni mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Vigingi vya katikati vitakaa mita 65 kutoka kileleni. Kamba kati yake itakuwa na mita 50, na kimo cha kipande cha juu kitakuwa mita 60. Nusu ya 50 mara 60 ni 1,500. Zilizobaki, mita za mraba 4,500, ni za yule wa chini, ambaye huwa amenyamaza kimya wakati wote wa mgogoro. Asiyeamini hesabu akate pembetatu ya karatasi, atie alama katikati ya kila upande, kisha aunganishe alama hizo tatu kwa mistari. Atapata pembetatu ndogo nne: moja juu, tatu chini. Azikate kwa mkasi, aigeuze ile ya kati, azipandanishe. Zote nne zinalingana ukingo kwa ukingo. Kamba ya katikati ilimpa mrithi mmoja moja ya hizo, na mwingine tatu.

Sababu haina fumbo. Kamba ile iko sambamba na kitako, kwa hiyo kipande cha juu kina pembe zilezile tatu za shamba zima. Ni shamba lilelile lililopunguzwa. Lakini limepunguzwa mara mbili: upana umekatwa nusu, na kimo nacho kimekatwa nusu, na nusu ya nusu ni robo. Maumbo mawili yakifanana, pande zikiwa na uwiano fulani, maeneo yake huwa na uwiano huo uliozidishwa kwa wenyewe. Pande zikiwa mara mbili, eneo ni mara nne. Zikiwa mara tatu, eneo ni mara tisa. Euclid alilithibitisha jambo hili kwa pembetatu katika kitabu cha 6 cha Elements, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na wanafunzi wetu wa sekondari hulifanyia mtihani. Wakirudi likizo, haohao ndio wanaoshika kamba na kukata katikati.

Ugonjwa huu hauko kwenye pembetatu peke yake, na kwenye mraba ndiko unakokula fedha nyingi zaidi. Kila mkulima anajua kwamba ekari ni hatua 70 kwa 70. Kanuni hiyo ni nzuri, mradi hatua iwe ndefu, ya yadi moja, takriban sentimita 91: yadi za mraba 4,900 dhidi ya 4,840 za ekari halisi. Ndipo anapotokea mtu na kutangaza kwamba, basi, nusu ekari ni hatua 35 kwa 35. Hapana! Hiyo ni robo ekari. Miraba yote inafanana, kwa hiyo sheria ya pembetatu inaibana vilevile. Mwenye plau na ng'ombe akilima 35 kwa 35 na kulipwa nusu ekari, amelipwa maradufu, na pengine yeye mwenyewe hajui. Mwenye shamba akimwaga hapo kilo 25 za mbolea ya DAP, kwa kufuata mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, ametumia mara mbili ya anachohitaji. Mbegu ya mahindi, ambayo hukadiriwa kilo 10 kwa ekari, atanunua kilo 5 na kubaki na nusu yake mfukoni, kisha atasema muuza pembejeo amemdanganya vipimo. Ajabu ni kwamba mkulima wa zamani wa Ufipa aliyelima kwa ntumba, yale matuta ya duara yanayofukia majani, hana sababu ya kudanganyika. Shamba la safu 40 zenye ntumba 40 kila safu lina ntumba 1,600. Safu 20 zenye ntumba 20 zina 400. Anayehesabu vitu vilivyojaza ardhi anaiona robo kwa macho. Anayehesabu hatua za ukingoni peke yake haioni.

Wapo wanaojibu kwa ukali kwamba wao walikata katikati na vipande vikawa sawa, tena vikapimwa na mtaalamu. Huenda wanasema kweli, na ukweli huo ndio unaoipa imani hii maisha marefu. Ukivuta kamba kutoka kileleni hadi katikati ya kitako, vipande viwili vinakuwa sawa daima, kwa pembetatu ya umbo lolote. Kila kipande kina nusu ya kitako, lakini kimo ni kilekile cha shamba zima. Kilichokatwa nusu ni kipimo kimoja, ndiyo maana eneo nalo likakatika nusu. Vipande hivyo kwa kawaida havina hata umbo la shamba la awali: ni vyembamba, vimenyooka kama mkuki. Ndivyo ilivyo hata kwa ekari: hatua 35 kwa 70 ni nusu kamili, kwa kuwa upande mmoja tu ndio uliopunguzwa. Kwa hiyo kabla ya kutamka "katikati", jiulize umepunguza vipimo vingapi. Kimoja, utapata nusu; viwili, utapata robo. Tatizo la kamba ya kileleni ni la matumizi: plau haigeuki vizuri kwenye ncha kali, na mara nyingi mmoja anataka sehemu ya barabarani na mwingine ya majini. Hapo kamba ya sambamba inahitajika, na hapo ndipo watu wanapopigilia vigingi mahali pasipo pake.

Pingamizi la pili husema kipande cha chini ni kikubwa, sawa, lakini cha juu kina udongo mzuri, hivyo haki imetendeka. Rutuba ni hoja halali, na familia ina uhuru wa kumpa mmoja kidogo chenye rutuba na mwingine kikubwa kilichochoka. Lakini hayo hujadiliwa baada ya kujua ukubwa. Kukosea hesabu kwanza, kisha kuitafutia rutuba ya kuifunika, ni ujanja wa aliyekwisha kupata robo tatu. Pingamizi la tatu ni la milima: mashamba ya miteremko ya Mbizi, eti, hayafuati hesabu za ubaoni. Yanafuata. Mteremko ukiwa mmoja, mwinamo huongeza vipimo vya shamba zima na vya kipande chake kwa kiwango kilekile, na uwiano haubadiliki. Pingamizi la nne ni simu. Programu ya simu itakuambia eneo ukizunguka shamba, lakini haikuambii upigilie kigingi wapi, na kwenye kipande kidogo kosa lake la mita kadhaa si dogo, kwa sababu kosa la kipimo nalo huingia mara mbili, kwenye urefu na kwenye upana. Mwenye hatua fupi ya sentimita 80 akipiga 70 kwa 70 anapata mita 56 kwa 56, yaani mita za mraba 3,136, wakati ekari ni karibu 4,047. Hatua ilipungua karibu sehemu moja ya nane tu. Ekari imepungua karibu robo.

Sasa kigingi kikae wapi? Namba inayotafutwa ni ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa nusu: 0.707. Anayeitilia shaka aende steshenari. Karatasi ya A4 ikikatwa nusu inatoa A5, yenye umbo lilelile. Upande mrefu wa A4 ni milimita 297, wa A5 ni 210. Gawanya 210 kwa 297 utaipata, na mashine ya fotokopi ikiipunguza A4 iwe A5 huandika asilimia 71, wala si 50.

Warithi wawili, mmoja juu na mmoja chini: pima kila upande kuanzia kileleni, zidisha kwa 0.707. Katika shamba letu la mfano ni mita 92, si 65. Hakiki kwa kupima kamba yenyewe: lazima iwe 0.707 ya kitako, hapa karibu mita 71. Pande zisipolingana, urefu wa kila upande uzidishwe peke yake kwa 0.707. Ukiweka mita zilezile kushoto na kulia, kamba haitakuwa sambamba na hesabu yote itaharibika. Warithi watatu: 0.577 na 0.816, yaani mita 75 na mita 106. Wote wakitaka kufika majini, gawanya kitako sawasawa na vuta kamba hadi kileleni, uvumilie ncha. Mrithi wa robo ndiye pekee anayestahili kigingi cha katikati. Kijito kikiwa kimepinda, vunja shamba katika pembetatu kadhaa, pima kila moja, jumlisha, kisha ndipo ugawe. Nusu ekari ya mraba ni hatua 50 kwa 50, pungufu kidogo sana. Tumia futikamba, si kamba ya nailoni, ambayo huvutika ikilowa na ikivutwa na mwenye maslahi. Majirani wa mpakani wawepo. Na kabla ya kupeleka maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, muhtasari wa familia utaje mita kutoka kileleni hadi kila kigingi, upande wa kushoto na wa kulia, pamoja na urefu wa mstari unaoviunganisha.