Mama wa Lambwe, Blogu Mpya na Pesa ya Kwanza: Itatoka Wapi?

Watoto wameenda shule, yule mdogo amelala, ng'ombe wameshanyweshwa. Una kama saa moja na nusu kabla ya kuanza kuwaza chakula cha mchana. Unachukua simu, unafungua blogu uliyoianzisha wiki tatu zilizopita, na kitu cha kwanza unachotafuta si yale uliyoandika jana. Unatafuta kujua: kuna pesa imeingia?

Haijaingia. Na bando la shilingi 30 ulilonunua asubuhi linaendelea kuisha.

Makala haya tumemwandikia mama wa aina hiyo. Tumemweka Lambwe, kwenye bonde lililo chini ya milima ya Gwassi, jirani na mbuga ya Ruma. Kutoka huko kwenda mjini Homa Bay kutafuta kibarua ni nauli na siku nzima, na mtoto mdogo hana wa kumwachia. Kufanya kazi nyumbani kwa simu ni jambo la maana sana kwake. Lakini kama hesabu haijakaa sawa, blogu inaweza kula pesa ya unga badala ya kuileta. Kwa hivyo leo tuongee pesa: inatoka wapi, inafika vipi kwenye simu yako, na ni nani anaivizia njiani.

Hesabu ya matangazo

Wengi wanaanza blogu wakiwa wamesikia kwamba Google hulipa. Ni kweli, hulipa. Mpango wake unaitwa AdSense: unaruhusu matangazo yaonekane kwenye kurasa zako, na unapata sehemu ya pesa ambayo wenye matangazo wanalipa. Ila kuna mambo manne ambayo mwenzako aliyekuambia huenda hakuyataja.

Kwanza, hulipwi mpaka salio lako lifike dola 100. Chini ya hapo, pesa inabaki kwao ikisubiri.

Pili, salio likifika dola 10, Google hutuma barua ya posta yenye namba ya siri ili kuthibitisha anwani yako. Barua ya karatasi kabisa. Kama huna sanduku la posta, utahitaji la mtu unayemwamini, na umwombe kabla hujaandika anwani hiyo popote. Usipoiweka namba hiyo ndani ya miezi minne, matangazo husimamishwa. Na tafadhali usichanganye mambo: namba hiyo ni ya Google. Haina uhusiano wowote na PIN yako ya pesa kwenye simu, na hakuna hatua hata moja ambapo utatakiwa kutoa PIN ya simu.

Tatu, kwa Kenya pesa hiyo hupitia benki, kwa kawaida kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Ikishafika benki ndipo unaweza kuivuta kwenye simu. Uliza benki yako mapema inakata kiasi gani kupokea pesa za nje.

Nne, na hili ndilo zito, blogu mpya haina wasomaji wengi. Tuseme blogu yako inaingiza dola 2 kwa mwezi. Kufika dola 100 utahitaji miezi 50, yaani miaka minne na miezi miwili. Wakati huohuo, bando la shilingi 30 kila siku ni shilingi 900 kwa mwezi. Miezi sita tu ni shilingi 5,400 zimetoka mfukoni, na bado hujaona hata senti.

Hatusemi haya kukuvunja moyo. Tunasema kwa sababu mama akijua hesabu hii siku ya kwanza, hatakopa kwenye chama ili anunue bando akingojea pesa ya Google. Matangazo yaache yajikusanye polepole. Pesa ya mwezi huu itafute kwingine.

Nani anaweza kukulipa sasa?

Blogu yenyewe haikulipi. Anayekulipa ni mtu, na mtu analipa anapoona kitu anachokihitaji. Angalia hata wanablogu wanaojulikana nchini. Jackson Biko, ambaye wengi wanamfahamu kama Biko Zulu, ameuza vitabu na kuendesha madarasa ya uandishi. Watu walimjua kwa maandishi aliyoweka bure, halafu wakanunua kitu kingine kutoka kwake.

Wewe si Biko, na huhitaji kuwa. Blogu yako ichukulie kama kibao kilichosimamishwa kando ya barabara. Kibao hakiuzi. Kinamwambia mpita njia kwamba ndani kuna kitu.

Tuchukue mfano, si mtu fulani. Mama mmoja wa karibu na Nyatoto anafuga kuku wa kienyeji. Kila wiki anaandika makala moja fupi: namna anavyolea vifaranga mvua zikianza, dalili za kideri, chakula anachochanganya mwenyewe. Mwishoni anaongeza sentensi moja: "Nina vifaranga wa wiki nne, namba yangu ya biashara iko hapa chini." Siku moja ujumbe unaingia: "Mama, habari. Mimi niko Homa Bay town. Hizo kuku bado unazo?"

Vifaranga 20 kwa shilingi 150 kila mmoja ni shilingi 3,000. Toa chakula na dawa, na kinachobaki bado kinazidi dola 2 ambazo matangazo yangemletea kwa mwezi. Na hakuhitaji wasomaji elfu kumi. Alihitaji mmoja.

Njia nyingine ni hizi:

Duka la agroveti au saluni iliyo karibu inaweza kukulipa kiasi kidogo kila mwezi uweke tangazo lao. Wewe ndiye unapanga bei, na hakuna dola 100 za kusubiri.

Wenye biashara wasio na muda wanahitaji mtu wa kuwaandikia maelezo ya bidhaa na kujibu wateja mtandaoni. Blogu yako ndiyo ushahidi kwamba unajua kuandika.

Watu wa nyumbani walio Nairobi, Mombasa au Doha hutafuta mtu mwaminifu wa kuwanunulia omena safi au viazi vitamu na kuwasafirishia. Ukiandika kuhusu vitu hivyo kwa ukweli, wataanza kukuuliza.

Andika unachokiona kila siku

Kosa ambalo wanablogu wapya hufanya ni kuandika yale ambayo kila mtu ameshaandika: jinsi ya kupunguza uzito, siri kumi za ndoa. Huko unashindana na dunia nzima. Lambwe kuna vitu ambavyo mtu wa London hawezi kuandika.

Ruma ndiyo mbuga pekee nchini Kenya ambako korongo, wale swala wakubwa adimu, bado wanaishi porini. Mgeni anayepanga safari anataka kujua barabara ikoje mvua ikinyesha na atalala wapi. Wewe unajua.

Mbung'o wameisumbua Lambwe kwa miaka mingi, kwa watu na kwa mifugo. Mfugaji mwenzako anataka kusoma namna unavyolinda ng'ombe wako, kwa maneno ya mtu anayefuga kweli.

Na lipo suala la mahindi. Kituo cha icipe pale Mbita kilisaidia kuanzisha mbinu ya sukuma-vuta: unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za napia au brakiaria kuzunguka shamba. Desmodiamu hufukuza vipepeo wa funza wa mabua na kulidhoofisha lile gugu tunaloliita kayongo, na nyasi za pembeni huwavuta vipepeo hao watoke nje ya shamba. Kama umeijaribu kwenye robo eka yako, andika ulichovuna kabla na baada. Weka picha. Kama ilishindikana, andika pia. Msomaji akiona unakubali kilichoshindikana, atakuamini ukimwambia kuku wako ni wazuri.

Jambo moja kuhusu picha. Mtoto wa jirani usimweke mtandaoni bila ruhusa ya mzazi wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda watoto, na hata bila sheria, ni heshima kati ya majirani. Wako mwenyewe pia fikiria mara mbili kabla ya kuonyesha sare ya shule au njia anayopita.

Pesa ikianza kuingia

Hapa ndipo sisi tunapoona mambo mengi, kwa hivyo tusikilize kidogo.

Tenganisha pesa. Fungua pochi ya biashara au chukua till, au tumia laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina lako. Pesa ya blogu ikichanganyika na pesa ya nyumbani, mwisho wa mwezi hutajua kama ulipata faida au ulikula mtaji. Taarifa ya miezi sita ya pochi hiyo itakusaidia pia siku ukienda kuomba mkopo.

Weka ukomo wa bando. Amua, kwa mfano, shilingi 500 kwa mwezi na usivuke. Andika ukiwa nje ya mtandao kwenye simu, kisha washa data uchapishe mara moja. Blogu yenyewe unaweza kuianza bure kwenye Blogger au WordPress. Usinunue jina la tovuti kabla blogu haijalipa bando lake yenyewe.

Angalia salio, usiamini ujumbe. Walaghai hutuma ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kupokea pesa, halafu wanapiga simu: "Mama, nimekosea, rudisha tu hiyo." Kabla ya kutuma kuku au kurudisha chochote, fungua salio lako mwenyewe. Kama halijabadilika, hakuna pesa iliyoingia. Na kama kweli mtu alikosea, mwambie apige huduma kwa wateja aombe irudishwe. Usimrudishie kwa mkono wako.

Omba malipo ya awali. Kwa mteja wa mbali, nusu kabla ya kusafirisha ni haki. Mteja wa kweli hatakataa.

Jua kodi. Tangu Julai 2023, anayemlipa mkazi wa Kenya kwa maudhui ya mtandaoni anatakiwa kukata 5% na kuipeleka KRA. Tangazo la shilingi 2,000, kwa mfano, linakatwa shilingi 100. Kwa hivyo uwe na PIN ya KRA, na uhifadhi rekodi ya kila malipo, pamoja na cheti cha makato. Pesa ya kuku ni ya kuku, iandike kando.

Wanaotaka pesa ili wakupe kazi

Mama anayetafuta kazi ya nyumbani ndiye anayewindwa zaidi. Ujumbe huja WhatsApp: kazi ya kuandika, shilingi 1,500 kwa siku, hakuna ujuzi unaohitajika, lipa tu shilingi 500 za usajili. Ukilipa, unaambiwa ulete wenzako watano ndipo akaunti yako ifunguliwe. Wenzako hao ni akina nani? Ni wale wa chama chako. Pesa inapotea, na urafiki unapotea nayo.

Kanuni ni fupi: kazi inakulipa wewe, wewe huilipi kazi. Mwajiri wa kweli haombi ada ya usajili, na hakuna mwajiri, benki wala kampuni ya pesa, sisi tukiwemo, atakayekuuliza PIN. Ukitaka kujifunza kazi za mtandaoni, mpango wa serikali wa Ajira Digital umekuwa ukitoa mafunzo tangu 2016, na mafunzo hayo ni bure.

Kama umeshatuma, usione haya. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, dakika hizo hizo, kisha uripoti polisi. Pesa ambayo bado haijatolewa inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni kazi kubwa. Na waambie wenzako wa chama, hata kama inauma. Ukinyamaza, mwingine atatuma kesho.

Anza hivi wiki hii

Chagua jambo moja unalolifanya kwa mikono yako. Andika makala tatu kabla ya kumwambia mtu yeyote. Fungua pochi ya kando. Weka namba yako ya biashara chini ya kila makala. Chukua daftari, upande mmoja andika bando, upande wa pili andika kilichoingia, hata kama ni shilingi 50.

Baada ya miezi mitatu, fungua daftari hilo ukiwa umetulia. Kama kilichoingia kimezidi bando, ongeza kidogo. Kama hakijazidi, uliza ni makala gani ilileta hata ujumbe mmoja, na uandike nyingine kama hiyo. Kama hakuna iliyoleta, badilisha unachouza au punguza bando. Kuacha pia si aibu. Utakuwa umepoteza shilingi 1,500 na kujifunza kitu, badala ya kupoteza akiba ya chama.

Na siku ile simu itakapolia na salio, si ujumbe tu, likionyesha shilingi 300 za vifaranga wawili, utajua zimetoka wapi.